Wali Mweupe wa Mkaanga Dengu

Katika habari za waja wema zilizotufikia kutoka Bara Hindi, wasimulizi wamepokezana habari ya mjane mmoja aliyeitwa Vasanti, mkazi wa mji wa Tilakapuri, zama ambazo jamaa ya Wajaini ilikuwa bado changa katika upande ule wa nchi. Kazi yake ilikuwa kukaanga dengu na shayiri. Watu walimletea nafaka mbichi, naye akazigeuza ndani ya karai lenye mchanga wa moto mpaka zipasuke, kisha akazichekecha, na ujira wake ulikuwa konzi moja kutoka katika kila kikapu. Aliishi na mkwewe, Mzee Dhanika, aliyekuwa amepofuka macho na ambaye, tangu kufa kwa mwanawe, hakubakiwa na mtu mwingine ila yeye.

Mwaka ule, kabla mvua hazijaanza, ilienea habari kwamba Mwalimu Yashovrata anakuja kukaa itikafu nje ya mji kwa miezi minne. Watawa wa Kijaini hawasafiri wakati wa mvua, kwa kuwa ardhi hujaa vidudu na machipukizi, nao wameweka nadhiri ya kutodhuru chochote chenye uhai, hata sisimizi, hata mbegu iliyo mbichi. Kila mmoja hubeba ufagio mdogo wa sufu, na pale anapotaka kuketi hufagia kwanza, polepole, asije akamkalia kiumbe.

Yashovrata ndiye aliyeasisi jamaa ile ya watawa. Alipoanza alikuwa peke yake, na siku anawasili Tilakapuri walimfuata watu sitini. Sheria zao zote, tangu namna ya kukanyaga njia mpaka namna ya kukohoa, aliziweka yeye. Kila mtawa aliyekosa alikwenda kuungama mbele yake, naye akampa kafara ya kosa lake. Juu yake hapakuwa na mwalimu mwingine.

Miongoni mwa sheria hizo ilikuwamo hii: mtawa asile chakula kilichopikwa kwa ajili yake. Aingie mjini mara moja kwa siku, wakati wa dhuha, apite mlango kwa mlango na bakuli lake la mti, na apokee kidogo katika kile ambacho wenyewe walikuwa wanakwenda kukila. Kwani moto ukiwashwa kwa ajili yake, basi kila mdudu aliyeungua ndani ya kuni zile ameungua kwa ajili yake. Ndiyo maana kabla hajanyoosha bakuli, mtawa huuliza chakula kimepikwa kwa ajili ya nani.

Mwalimu aliwasili akiwa ametoka katika saumu ya siku thelathini, hakuonja kitu ila maji yaliyochemshwa. Mji mzima ulilijua hilo, na hapo watu wa Tilakapuri wakafanya kosa la kupenda mno. Asubuhi ya kwanza kila jiko liliwashwa kwa ajili yake. Wenye mali walipika wali wa zafarani, maskini walipika mboga walizokuwa wameziweka kwa ajili ya sikukuu. Alipouliza, wakamjibu kwa fahari kwamba ni kwa ajili yake, tangu alfajiri. Naye akainamisha kichwa, akapita. Siku ya pili waliokuwa wameelewa walijaribu kumwambia kwamba wamejipikia wenyewe, lakini vyungu vilivyokuwa nyuma yao vilitosha harusi. Akatabasamu, akapita. Siku ya tatu ikawa vivyo hivyo. Mtu mmoja alikuwa anakufa njaa katikati ya mji uliokuwa ukimpikia.

Siku hiyo ya tatu alipita katika kichochoro cha Vasanti. Vasanti alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa majivu. Akamwona mwalimu anasimama kungoja safu ya sisimizi imalize kuvuka njia, na wakati akingoja, akauegemea ukuta kwa mkono mmoja. Miguu yake ilikuwa inatetemeka. Sisimizi walikuwa wengi na hawakuwa na haraka. Mzee yule alisubiri mpaka wa mwisho akavuka, ndipo akauachia ukuta na kwenda zake.

Vasanti aliingia ndani akaketi. Moyo wake ulikuwa umejaa kitu ambacho hakukijua jina lake. Kilikuwa ni huruma, na kilikuwa ni kitu kingine zaidi. Kisha akainuka, akachukua blanketi lake la sufu, alilokuwa nalo moja tu, akaenda nalo sokoni, akarudi na kibaba cha mchele mweupe na samli kidogo ndani ya jani.

Asubuhi ya nne alimpa mkwewe uji wa shayiri mapema, akamkalisha uani penye jua. Halafu akapika. Alipika katika chungu kidogo, akihakikisha kwamba mtu akichungulia ataona chakula cha watu wawili na si zaidi. Wenzake walikuwa wameshindwa kwa vyungu vikubwa, naye alikuwa ameliona hilo. Ni lazima tuyaseme haya, kwa kuwa yeye mwenyewe baadaye aliyasema: hakuteleza ulimi. Alijua atakachoulizwa, na jibu alikuwa nalo tayari kabla maji hayajachemka.

Mwalimu alifika, akasimama mlangoni na bakuli lake.

"Mama, chakula hiki kimepikwa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya nyumba hii, Mwalimu. Mimi na baba mkwe wangu."

Macho yake yalikuwa chini, penye chungu. Kisha akanyoosha bakuli. Vasanti akampakulia.

Habari ilienea kabla ya adhuhuri. Wanawake walikuja kugusa kizingiti cha nyumba yake. Waliokuwa na watoto wagonjwa walichukua masizi ya jiko lake wakawapaka kwenye vipaji vya nyuso. Watu waliokuwa wakipeleka nafaka zao kwa wakaangaji wengine wakaanza kumletea yeye, na njiani wakimwona walimpisha. Ni jirani yake peke yake, Shamali, mke wa mkamua mafuta, mwanamke mwenye watoto wanne na ulimi usiolala, ambaye hakubadilika.

"Mama wa mawalii," alimwita kutoka upande wa pili wa uzio, "niazime kaa la moto. Au siku hizi mtu haligusi mpaka atawadhe?"

Vasanti alicheka, akampa kaa. Lakini alipogeuka, uso ulikuwa unamwaka.

Baada ya siku mbili tatu alikuwa anakula na mkwewe. Mzee Dhanika alikuwa mtu wa maneno machache, na upofu ulimfanya asikie na kunusa zaidi ya wengine. Aliuchovya mkate wake katika dengu, akautafuna taratibu, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa:

"Siku ile, mwanangu, ile harufu ya samli ilipita juu ya kichwa changu ikaenda zake. Nilidhani ni ya kwa jirani. Halafu nikakumbuka kwamba jirani ni Shamali, asiyepikia samli, nikajua si ya huko."

Hakusema kwa lawama. Vasanti alimtazama usoni na hakuona humo ila mzee anayekula. Lakini aliuweka mkate wake chini. Alikuwa amesema kwamba wali ule ni wa watu wawili wa nyumba ile, na mmoja wa hao wawili hakuonja hata punje.

Kuanzia siku hiyo alianza kwenda bustanini walikofikia watawa, akaketi nyuma ya wanawake wengine kusikiliza mafundisho. Huko ndiko alikosikia habari ya Nandila. Nandila alikuwa mfua shaba, mtu mzima wa miaka arobaini na zaidi, lakini kwa kuwa aliingia utawani mwaka ule ule, mkeka wake ulitandikwa mwisho kabisa wa safu, chini ya wote. Ilisemwa kwamba walipokuwa njiani kuja Tilakapuri, Nandila alipokea chakula katika kijiji kimoja, akala, na baadaye ikajulikana kwamba mwenye nyumba alikuwa amekipika kwa ajili yake na kumficha. Mwalimu alimpa kafara ya kutokula siku tano. Nandila alikuwa na homa, na mwalimu hakupunguza hata siku moja.

Vasanti alimuuliza mwanamke aliyeketi kando yake ikiwa ni haki kumwadhibu mtu kwa jambo asilolijua. Yule mwanamke akamwambia kwamba hata watawa walimuuliza mwalimu swali hilo, naye aliwajibu kwamba kutojua kunampunguzia mtu hatia, hakukirudishi chakula chunguni.

Basi hapo Vasanti akaona pande zote mbili za mahali alipojiweka. Akisema, atakuwa amemfungia mwalimu siku tano za njaa, na mwili wake ulikuwa haujapona ile ya kwanza. Huenda akafa, na atakuwa ameuawa na wali wake. Akinyamaza, nadhiri ambayo mwalimu ameibeba miaka arobaini bila doa itakuwa imetobolewa na mkono wake, na mwenyewe hajui. Atakwenda mpaka kaburini akidhani ni nzima.

Kwa siku saba alijipa sababu za kunyamaza, na zilikuwa sababu nzuri. Mwalimu alikuwa ameanza kupata nguvu. Watu walikuwa wametulia, na baadhi yao wamezoea kupika kwa kiasi, hata bakuli lake sasa lilikuwa likipata kidogo hapa na kidogo pale. Nani angenufaika? Lakini kila alipoifuata sababu mojawapo mpaka mwisho wake, aliikuta imeishia pale pale, kwenye kizingiti chake kilichokuwa kikiguswa na wanawake. Hapo alijua kwamba hamlindi mwalimu.

Siku ya nane alikwenda bustanini, na mafundisho yalipokwisha hakuondoka. Alisimama. Watu wakadhani anataka baraka, wakampa njia kwa heshima, jambo lililomfanya kila hatua iwe nzito kuliko iliyotangulia. Alipofika mbele ya mwalimu akapiga magoti kwa umbali uliopasa, akasema:

"Mwalimu, wali ule ulikuwa wako. Niliupika kwa ajili yako, katika chungu kidogo ili usijue. Mkwe wangu alikula uji."

Palikuwa na watu wengi sana, na ulisikika mlio wa matone yaliyokuwa yakianguka kutoka majanini, kwa maana mvua ilikuwa imekatika muda mfupi uliopita.

Mwalimu Yashovrata hakukunja uso. Akamuuliza jambo ambalo Vasanti hakulitarajia.

"Uliponijibu siku ile, mama, mimi nilikuwa naangalia nini?"

Vasanti alifikiri. Alikuwa ameukumbuka mlango ule mara nyingi, na mara zote alijikumbuka yeye.

"Ulikuwa unakiangalia chakula, Mwalimu."

"Ndiyo. Sikukuangalia wewe. Ningekuangalia usoni ningelijua, kwa kuwa uso wako haujazoea kudanganya." Watu wakasogea mbele kidogo, kwa kuwa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Niliisikia harufu ya samli katika nyumba ya mkaanga dengu. Niliona wali mweupe mahali ambapo watu hula shayiri. Swali la pili lilinijia, likafika hapa," akaligusa koo lake, "nami nikalimeza pamoja na mate. Nilikuwa na njaa, na uongo wako ulinifaa. Nisamehe, mama. Wewe ulisema nusu yake tu. Nusu nyingine niliisema mimi, kwa kunyamaza."

Akavikutanisha viganja vyake mbele ya kifua na kumwinamia mjane yule wa majivuni, mbele ya watawa sitini na nusu ya mji.

Halafu akainuka. Wasimulizi wanasema kwamba hakuna aliyeelewa anakwenda wapi. Alishika ufagio wake wa sufu, akapita mbele ya mwanafunzi wake wa kwanza, aliyekuwa naye miaka thelathini, mwanafunzi huyo akainuka nusu akidhani ameitwa, lakini mwalimu akampita. Akawapita wale wazee wa elimu. Akawapita watu wa makamo. Alikwenda polepole, akifagia mbele ya kila hatua, akishuka na safu ile ndefu mpaka mkeka wa mwisho, alipoketi Nandila mfua shaba. Akafagia mahali padogo mbele ya mkeka ule. Akapiga magoti. Akainamisha paji la uso mpaka ardhini.

"Nimekula chakula kilichopikwa kwa ajili yangu," alisema. "Na nilikuwa na shaka, nikakila. Nipe kafara."

Nandila alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono iliyojaa makovu ya moto wa kazi yake ya zamani. Mikono ile ilikuwa inatafuta pa kushika. Mwishowe akasema kwa taabu kwamba siku moja inatosha.

"Nandila," mwalimu alisema, bado ameinama, "mimi nilikupa ngapi?"

"Tano."

"Na ulikuwa na nini?"

"Nilikuwa na homa, Mwalimu."

"Na ulikuwa umekula bila kujua. Mimi nilikuwa na shaka."

Vasanti, aliyekuwa bado amepiga magoti kule mbele, aliuona uso wa Nandila kwa mbali. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyafuta, na kulikuwa na kitu usoni mwake kinachofunguka, kama fundo ambalo mtu amelibeba siku nyingi akidhani ni sehemu ya mwili wake.

"Tano, Mwalimu," alisema Nandila.

"Ahsante," alijibu mwalimu.

Ndipo watu walipopata pumzi zao, na baadhi yao walipozipata walizitumia vibaya. Mtu mmoja katika kundi la wanaume alisema kwa sauti kwamba mwanamke huyu amemuua mwalimu wao. Mwingine akamtaka ainuke atoke. Mwalimu aliwageukia, akasema kwamba mama huyu hakulazimishwa na mtu yeyote kuja pale, na kwamba atakayemwumiza kwa ulimi ajue kuwa ameingia katika siku tano za kafara yake yeye mwalimu na kuziongezea uzito. Wakanyamaza. Vasanti alimuuliza afanye nini yeye, apewe kafara gani. Mwalimu akamwambia aende nyumbani ampikie mkwewe chakula, na wakile pamoja.

Alikwenda. Hakuwa na mchele wala samli, wala blanketi la kubadilishana. Alipika shayiri, akaipakua katika sahani moja, akaketi karibu na mzee, akamweleza yote. Mzee Dhanika alisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba shayiri imeiva vizuri, kisha akasukuma sahani kidogo kuelekea upande wake.

Siku tano zile zilikuwa ndefu. Kwa amri ya mwalimu hakuna aliyemtukana Vasanti, lakini amri haikuwalazimisha kumletea nafaka. Karai lake lilikaa baridi. Wanawake waliokuwa wamewapaka watoto wao masizi ya jiko lake waliwaosha. Kila asubuhi aliwauliza wapita njia hali ya mwalimu, na wengine walimjibu, wengine hawakumjibu. Siku ya tatu alisikia kwamba hawezi kusimama. Siku ya nne alisikia kwamba amefundisha akiwa amelala, na sauti yake haivuki mkeka, na kwamba Nandila ndiye anayeyarudia maneno yake ili watu wa nyuma wasikie. Siku ya tano hakupata mtu wa kumuuliza.

Shamali alimkuta uani amekaa bila kufanya kitu. Aliuegemea uzio. Kisha akamwambia, "Mimi nilidhani wewe unajidai. Sasa nimekosa cha kukutania." Akaondoka akiwafokea watoto wake.

Asubuhi ya sita mji ulikuwa na taabu ya namna yake. Watu walikuwa wamefundishwa, na kila mmoja alijua sasa kwamba lazima apike kama siku nyingine yoyote. Lakini mtu atapikaje kama siku nyingine yoyote, na anayemfikiria tangu alipofumbua macho ni mtu mmoja? Yasemekana mke wa mfinyanzi alimwachia mumewe kazi yote ya upishi, maana yeye moyo wake ulikuwa hauaminiki. Familia ile ilikula ugali mbichi siku hiyo. Vasanti naye, akipima shayiri yake, aliuona mkono wake unaongeza konzi moja zaidi. Akautazama. Akairudisha ile konzi ndani ya gunia.

Chakula chake kilikuwa kimeiva, na yeye ameshika upawa, pale alipotokea mtu mlangoni. Alikuwa mke wa mwashi, mmoja wa wale waliokuwa wameacha kumletea nafaka. Alikuwa amebeba kikapu cha shayiri mbichi, na hakujua aanze vipi. Akasema kwamba alikuwa anapita, na kwamba wakaangaji wengine wanaunguza. Akakinyoosha kikapu, na kwa kuwa aliona haya hakuwa anaangalia, ukingo wake ukagonga mwimo wa mlango, nusu ya shayiri ikamwagika juu ya kizingiti na njiani. Waliinama wote wawili kuiokota, na walipoinua vichwa, mwalimu alikuwa amekwisha ingia katika kichochoro.

Alikuja bila kushikwa na mtu. Kila hatua aliiweka kama anayeweka kitu kinachovunjika. Alifika mbele ya nyumba ya Vasanti, akasimama, na mkono wenye bakuli ulianza kuinuka. Kisha akaona shayiri. Ilikuwa mbichi, yenye uhai ndani yake, imetapakaa toka ukuta hadi ukuta mbele ya mlango. Sheria ilikuwa wazi: asiikanyage, wala asipokee chakula kutoka kwa mikono iliyotoka kuishika. Vasanti alikuwa hatua nne kutoka kwake, na chakula ambacho alikipika kwa ajili ya watu wawili, kwa ukweli, kilikuwa kinatoa mvuke nyuma yake. Mwalimu alimtazama usoni. Akainamisha kichwa. Akapita.

Mlango uliofuata ulikuwa wa Shamali.

Shamali alikuwa amesahau kabisa ni siku gani. Mtoto mmoja alikuwa kiunoni, mwingine ameshika nguo yake, na wawili walikuwa wanapigania mwiko. Alipoinua uso na kumwona aliyesimama pale, kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikosa neno. Mwalimu alimuuliza anachouliza siku zote, na safari hii macho yake yalikuwa usoni pake.

"Kwa ajili ya wanyang'anyi hawa wanne, Mwalimu," Shamali alijibu alipopata sauti. "Ni uji, na umeungua chini. Ningejua unapita ningepika kitu cha maana."

"Basi nashukuru kwamba hukujua," alisema mwalimu, akanyoosha bakuli.

Shamali alichota upawa mmoja. Mkono wake ukasita hewani, akageuka kumtazama jirani yake kama mtu aliyekutwa na kitu cha mwenzake. Vasanti alikuwa amesimama nyuma ya shayiri iliyomwagika. Alitazamia kwamba kitamchoma kitu moyoni, akakingoja, na hakikuja. Kilichokuja kilikuwa chepesi, hata akaogopa kukisogelea kisije kikaruka. Alimwona mzee yule anaupokea uji uliounguzwa, na akagundua kwamba hataki chochote zaidi ya hicho.

"Mwongeze, dada," alimwambia Shamali. "Mmoja haumtoshi."

Shamali akamwongeza. Mwalimu alizuia bakuli kwa kiganja ilipotosha, akawaombea amani wote waliokuwapo, akaendelea na njia yake taratibu, ufagio mbele, mpaka kona ikamficha.

Kutoka ndani, Mzee Dhanika akaita.

"Mwanangu, amepata?"

"Amepata, baba."

"Kwako?"

"Kwa Shamali."

Mzee akasogea kidogo kumwachia nafasi.

"Vizuri," akasema. "Njoo tule na sisi, shayiri inapoa."

Wasimulizi hawakutuambia ikiwa Vasanti aliwahi kumpa mwalimu chakula tena katika miezi iliyobaki ya itikafu ile, na yaonekana hawakuliona kuwa jambo la kuuliza. Walichokihifadhi ni yale magoti mbele ya mkeka wa mwisho, na maneno ya mtu aliyeulizwa na nafsi yake swali la pili akalimeza, kisha akawa na ujasiri wa kulitapika hadharani. Wengi wetu hatudanganywi na watu waongo. Tunadanganywa na watu wanaotupenda, siku ambazo tuna njaa ya kile wanachotuletea, nasi tunainamisha macho ili tusiuone uso wa anayetujibu. Si kazi yetu kuwahukumu waliotangulia. Yatutosha, tunapoletewa kitu kizuri kupita hali ya nyumba kilikotoka, kuinua macho. Mola atujaalie kuinua macho, na pale tulipokwisha kuyainamisha, atupe magoti ya kutufikisha kwa yule aliye chini yetu.